Kamba Wawili Kwenye Ndoo

Mke wa binamu yangu alikwisha kutoa neno la mwisho: chatu wawili ndani ya nyumba moja ya Chumbageni ni wengi, abaki mmoja. Binamu, aliyewalea tangu wakiwa wembamba kama penseli, hakuweza kuchagua. Ndipo nikatua mimi na begi langu, natoka kuzurura kusini, nikafanywa hakimu.

Si chatu wa kumeza mbuzi hawa. Ni wa aina ndogo, wa kufugwa. Tuliwalaza juu ya kanga sebuleni tuwapime. Wa kwanza, mnene kama mchi, hakufika hata upana wa kanga, na hatujamaliza akajikunja akawa mpira, kichwa kakificha katikati. Wa pili, mwembamba kama mpini wa mwiko, alimzidi mwenzake shubiri nzima, ila hakukubali kunyooka. Mara yuko kwenye saa yangu, mara kaingia mkono wa shati. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Shemeji, unacheka au unaamua?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni. Ndani hakutaka kuingia.

"Huyu mwembamba ni mimi mtupu. Hatulii."

"Basi ndiye aondoke. Wewe mwenyewe lini ulikaa?"

Binamu akaomba tuamue kesho. Tukawatia wote kwenye ndoo yenye kifuniko cha matundu, tukaiweka ukumbini.

Magharibi, mama mkwe wa binamu akawasili kutoka ng'ambo ya mto Pangani. Habari za chatu hajapata kuzisikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

Kwetu giza likiingia nyoka hatajwi, huitwa kamba. Kwa hiyo binamu, akiwa uani, akanipigia kelele: "Kamba wazima?"

"Wazima! Wote wawili wamo kwenye ndoo."

Mama angefikiria kamba za kufungia mbuzi, lakini nani husema kamba hizo "wamo"? Akawaza kamba wa baharini.

"Wawili tu? Basi wanono hao! Nileteeni ndimu." Akakunja mikono ya gauni, akafunua ndoo, akazamisha mkono.

Akapapasa.

"Kamba gani huyu hana miguu?"

Akautoa mkono. Yule mwembamba kajizungusha kama bangili, ametulia tuli, ulimi tu ndio unacheza. Mnene hakuinua hata kichwa. Mke wa binamu alikuwa ameshapanda juu ya kochi. Mama akaanza kutikisika, nikadhani anazimia, kumbe anacheka.

"Anakula nini?"

"Panya wadogo, mama," binamu akajibu.

"Hao hao wanaonimalizia nazi ghalani! Huyu naondoka naye."

Binamu alimtazama yule mwembamba, akamtazama mpira wake ndani ya ndoo. "Nitakuja kumwona?"

"Njoo. Na ndimu uje nazo."

Kesho yake niliwasindikiza. Kwenye kivuko cha Pangani mkata tiketi akaigonga ndoo mapajani mwangu.

"Una nini humo?"

Mchana mweupe, ila ulimi ulishazoea. "Kamba."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Mmoja! Ndoo nzima hii?"

Mama akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanaruka, na mimi sikuweza tena kusema neno mpaka ng'ambo.