Akigonga, Nenda

Katika kijiji kile cha Grinlandi, chenye nyumba kumi na moja na mbwa wasio na hesabu, Severin alikuwa mwanamume pekee mzima wa viungo asiyetia kayaki majini. Kayaki yake, chombo chembamba cha ngozi cha kukaliwa na mtu mmoja, ilikaa miaka minne juu ya kichanja mpaka ngozi ya sili ikakauka ikapasuka. Yeye alibaki ufukoni na wanawake akipasua samaki wa wenzake, akapewa fungu lake, akala na mama yake Regine. Hakuna aliyemcheka. Na watu wale wanacheka kila kitu, hata mazishi. Wakiacha kukutania, ujue umekwisha.

Habari yake waliijua nusu. Vuli moja, miaka minne nyuma, alitoka na kaka yake Malaki kuvua kwa mshipi, bahari imetulia kama maji ya beseni. Kule nje Severin akashikwa na kizunguzungu cha kayaki. Jua liko machoni, maji na mbingu havitofautiani, unaona chombo kinajaa maji nacho kikavu, na mwili unaganda hata shingo huthubutu kuigeuza. Wazee wanakijua, wala hakina aibu. Malaki naye akavutwa na samaki mkubwa, akapinduka, kafi likamponyoka. Severin alirudi akasema alikuwa mbali, hakusikia kitu.

Alisikia. Hakuwa mbali, hata mapigo ishirini ya kafi hayakufika. Aliyepinduka, kichwa chini majini na miguu bado ndani ya chombo, akishindwa kujiinua hugonga tumbo la kayaki kwa kiganja, na mwenzake huja mbio kumsogezea pua ya chombo chake, ashike ajivute juu. Malaki aligonga mara tatu. Akanyamaza, akagonga tena mara tatu, polepole zaidi. Severin alikaa akisikiliza mpaka ngozi ile ikaacha kulia.

Katika baridi iliyofuata dada yao Bibiane alijifungua mtoto wa kike, akapewa jina la marehemu, maana jina huja na mwenyewe. Regine alimwita mwanangu. Severin, na ndevu zake, alimwita kaka. Hakuna aliyemkemea mtoto yule. Nani amkemee mtu aliyerudi? Naye alikuwa na mchezo mmoja: akiona ubao au ngozi iliyowambwa, anaigonga kwa kiganja mara tatu. Watu walicheka. Severin aliacha chakula akatoka nje.

Kiangazi cha mwaka wa nne Regine akasema, "Shusha ile kayaki. Nataka kula samaki wa mkono wako kabla sijafa." Akaishonea ngozi mpya kwa vidole vyake vilivyopinda. Lakini aliyewahi kushikwa na kizunguzungu haachiwi kwenda baharini mpaka apinduke ghubani mbele ya wanaume, agonge, ainuliwe, wote waone. Jirani yao Kunuti, mtu wa maneno mengi, alikubali kuwa mwenzake wa mazoezi.

Siku ya kwanza Severin alipinduka mara tano. Mara zote tano hakugonga. Alijichomoa kwenye kiti akaibuka anakohoa. Kunuti akalaza kafi juu ya kayaki zote mbili, Severin akapanda kwa kifua, akageuka, akaingiza miguu.

"Kupanda unapanda kama paka," Kunuti alisema. "Lakini huko nje kwenye barafu, ukishatoka kitini utapanda mara ngapi? Gonga, bwana! Mimi siji mpaka ugonge."

"Mkono unakataa."

"Mkono wa nani, wa jirani? Jirani ni mimi, na wangu uko hapa."

Siku ya pili ikawa vilevile. Siku ya tatu wanaume walikuja kutazama. Regine aliketi juu ya jiwe, na Bibiane akamweka mtoto karibu na mashua iliyogeuzwa kifudifudi ukingoni, nusu yake majini. Severin alijua kwamba akishindwa leo, ngozi ile mpya itavuliwa na kayaki atapewa mwingine.

Akapinduka. Maji yalikuwa ya kijani, baridi ikambana paji la uso. Alinyoosha mkono juu, akaigusa ngozi, mkono ukafa pale pale. Pumzi ikaanza kumwishia. Ndipo akasikia kugongwa. Mara tatu. Kukawa kimya, kisha tena mara tatu, polepole zaidi.

Hakukumbuka mashua wala mtoto. Alijua tu ni nani, na safari hii mwili haukuganda. Akajibu. Aligonga kwa nguvu zake zote, kama mtu anayepiga kelele nakuja, nakuja. Kitu kigumu kikamgusa kiganja. Akakishika, akajivuta, jua likampiga usoni.

"Kumbe unajua kubisha hodi!" Kunuti alipaza sauti, na ufuko mzima ukacheka. Miaka minne hawakumcheka hivyo.

Severin hakucheka. Alitoka majini, akaenda na koti lake linachuruzika mpaka mbele ya mama yake.

"Mama, nilimsikia. Sikuwa mbali. Aligonga nikamsikia."

Kicheko kikakatika.

"Najua," Regine alisema. "Mtoto akigonga ukuta, sisi tunacheka. Wewe unatoka nje. Ulidhani mimi ni kipofu?"

"Nisamehe."

"Nikusamehe mimi? Si mimi niliyegonga." Akaelekeza kidevu kwa mtoto. "Mwenyewe yule pale. Akigonga, nenda."

Kesho yake Severin alikwenda baharini na Kunuti, akarudi na samaki wanne. Regine aliwachemsha, akamwekea mwanawe kichwa, sehemu iliyo tamu kuliko zote. Hata hajakigusa, nje pakasikika kiganja juu ya kayaki iliyolowa bado. Mara tatu.

Severin akaweka sahani chini, akatoka mbio.

"Nimekuja, kaka."

Mtoto hakuinua uso. Alikuwa ameketi mchangani, kiganja chake bado kiko juu ya ngozi.

"Umechelewa," akasema.