Risasi ya Sita Haikuwa na Namba

Mwanangu, umeniandikia kwamba umepata kazi kwenye uwanja wa kulenga shabaha, na unataka nikwambie ununue kronografu gani, ile mashine ya kupima kasi ya risasi. Nitakwambia. Lakini wiki iliyopita tulimzika Mzee Nyakundi huko Nyansiongo, na siwezi kuitaja mashine hiyo bila kumtaja yeye. Kwa hiyo nivumilie. Iko siku moja ya miaka ya tisini ambayo haijanitoka kichwani, na majibu yako yote yamo humo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, shule nimeiachia darasa la nane. Mzee Nyakundi, askari wa wanyamapori aliyestaafu, alisimamia uwanja mdogo wa shabaha katika shamba lililokuwa la mlowezi, nyuma ya malisho ya ng'ombe. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mteja wetu mkubwa alikuwa Bwana Harish, mwenye duka la vitambaa mjini Kisii, mtu wa leseni ya bunduki na mtu wa mzaha. Alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya Nairobi, na alikuwa amesema atakwenda na mtu mmoja wa kumwandikia namba. Nilitaka sana mtu huyo niwe mimi.

Mashine yetu ilikuwa na macho mawili yanayotazama juu, moja mbele ya jingine, kila moja na kipande cha plastiki nyeupe juu yake kama mwavuli. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza, saa inaanza. Ikipita la pili, saa inasimama, na namba ya kasi inatokea, futi kwa sekunde. Kwa sababu macho hayo hutegemea mwanga, wingu likipita ghafla yanaweza kuikosa risasi, na kioo kinaonyesha vistari vitupu. Nawe unalijua anga letu, asubuhi jua, saa nane mawingu, saa tisa mvua.

Wiki ile vistari vilikuwa vimenitokea mara mbili, na Bwana Harish alinicheka mbele ya watu. "Bosire, risasi zangu umezificha wapi? Zimepita Nyamira kunywa chai?" Kabla ya hapo niliwahi kuiweka mashine karibu mno na mtutu, ule mshindo ukaichanganya, ikatoa namba ya ajabu. Alinivulia kofia. "Leo nimeishinda ndege!" Nami nilicheka, lakini moyoni niliumia.

Siku yenyewe alileta risasi zilizokaa stoo miaka mingi. Alitaka kujua kama zote bado zina kasi moja. Mzee alikwenda kusimama kwenye njia ya ng'ombe na kitambaa chekundu ili mtu asikatize. Bwana Harish alipiga tano, na namba zote zilikaribiana. Nikaandika.

Ya sita ililia kidogo tu, kama mlango uliosukumwa na upepo. Nilitazama kioo. Vistari.

Bwana Harish alisogeza kidogo vifuniko vyake vya masikio. "Hii imenisukuma kidogo tu," alisema. "Ngapi?"

Hapo, mwanangu, ndipo nilipokosea. Nilijiambia ni wingu. Nikachukua namba inayofanana na zile tano, nikaiandika, nikaisoma kwa sauti. "Elfu mbili mia sita tisini, Bwana."

"Basi ni mimi nimezeeka," akasema, akatia ya saba.

Nilimsikia Mzee kabla sijamwona. Alikuwa akikimbia na ule mguu wake mbovu, kitambaa chekundu juu. "Usipige! Harish, toa kidole! Toa kidole!"

Bwana Harish alitoa kidole. Mzee alifika akihema; ule mlio dhaifu alikuwa ameusikia. Alimwambia asubiri, mtutu ukiwa umeelekea kwenye kilima cha udongo nyuma ya shabaha, kisha aitoe ile risasi ya saba. Ndipo akanigeukia.

"Ile ya mwisho, mashine imesema ngapi?"

Nikamsomea uongo wangu mara ya pili.

Hakubishana nami. Aliinama kwenye mashine akabonyeza kitufe cha kumbukumbu. Ilikuwa imehifadhi namba tano. Daftari langu lilikuwa na sita.

"Hii ya sita umeitoa wapi?"

"Mzee, lilikuwa wingu."

"Uliangalia juu?"

Sikuwa nimeangalia. Niliangalia wakati ule. Anga lilikuwa jeupe, bila wingu hata moja.

Risasi ya saba ilipokwisha kutolewa, Mzee alichukua ufito wa kusafishia bunduki, akauingiza mtutuni. Ulikwama katikati. Risasi ya sita ilikuwa bado imo humo. Ile ya saba ingeikuta njiani, na chuma kingepasuka kando ya shavu la Bwana Harish.

Bwana Harish aliketi kwenye nyasi akavua miwani. Hakufanya mzaha. "Nimemwahidi mke wangu nitakula chakula cha mchana nyumbani," alisema, akarudia tena hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi.

Mzee alinirudishia daftari. "Mashine haikukosea. Haikuona risasi kwa sababu risasi haikupita. Ilikwambia, nawe ukaifunga mdomo. Kata hiyo namba, uandike: haikuonekana."

Nairobi sikwenda. Juzi mjane wa Mzee alinipa daftari lile. Mzee alikuwa amelitunza miaka yote hii, na mstari niliokata bado uko.

Sasa majibu yako. Nunua mashine inayohifadhi kila namba, kioo chake kisomeke hata juani, na betri yake ipatikane dukani hapo ulipo. Reli inayobeba macho iwe imara, maana macho yakisogeleana kidogo tu, kila namba ni uongo. Za siku hizi za rada sijazishika, sitakudanganya. Iweke hatua tano mbele ya mtutu, imelala sawasawa, risasi ipite katikati juu ya macho yote mawili. Anza kwa risasi unayoijua kasi yake. Ikitoa vistari, andika vistari. Mlio ukiwa dhaifu, simamisha kazi, subiri, kisha mkague mtutu kabla ya kitu kingine chochote. Watakaokucheka kwa nafasi tupu kwenye daftari waache wacheke. Mimi niliogopa kicheko, nikakaribia kumuua mtu aliyeniamini.

Mungu akupe jicho la kutazama juu kabla ya kulaumu wingu. Akupe mtu wa kukukimbilia kama nilivyompata mimi. Na kila jioni akurudishe nyumbani na vidole vyako vyote kumi, wewe na kila atakayesimama nyuma ya mashine yako.