Pika Uji Kwanza

Ukimpelekea fundi sufuria iliyotoboka, akakata kitako cha zamani na kutia kipya, halafu wakati wa kukurudishia akakwambia, "Mama, pika uji kwanza," ujue huyo si fundi. Uji huingia kwenye mshono, hukauka, huziba pale mkono wake uliposhindwa. Amekuuzia chujio, na unga umetoa wewe.

Mimi sikuwahi kumwambia mtu apike uji. Nilifika Kibera uhuru ukiwa bado mbichi, nimetoka upande wa ziwa na darasa la tatu peke yake kichwani, bila mjomba wa kunipokea. Kazi niliiba kwa macho. Kulikuwa na mzee aliyegonga sufuria karibu na reli, nami nilisimama hapo kila siku mpaka akachoka kunifukuza. Miaka michache baadaye wateja wake walikuwa wangu. Sisemi hivyo kujisifu. Waulize watu wa Makina, hapo hapo Kibera.

Siri yangu ilikuwa sikio. Mafundi wengine wakimaliza humimina maji ndani waone kama yatavuja. Mimi maji nilikataa kabisa. Niliinua sufuria kwa kidole kimoja, nikaigonga kwa kifundo cha mkono wa pili, nikasikiliza. Mshono uliokazwa sawasawa hulia mlio mmoja mrefu, kama kengele ya kanisa la mbali. Uliolegea hukohoa. Basi, kesi imekwisha. Mtu akitaka kumimina maji mbele yangu nilimwambia achukue sufuria yake aende kwa wale wa uji. Wateja walizoea hata wakawa wanaleta wageni kunitazama. "Huyu ndiye yule asiyepima kwa maji," walisema, nami nilijifanya sisikii.

Nyundo yangu ndiyo iliyoninunulia ploti Gatina, huko Kawangware, nikajenga vyumba vya kupangisha, mabati mapya juu. Wapangaji wakaanza kuniita landlodi. Sikulipenda jina hilo. Landlodi ni mtu yeyote mwenye paa. Hata mjinga akirithi huwa landlodi. Ufundi haurithiwi. Kwa hiyo kila asubuhi nilitoka Kawangware kwa miguu hadi kibandani kwangu Makina, nikakaa mbele ya kipande cha reli nilichogongea sufuria, nikaitwa fundi.

Halafu watu wakaanza kunong'ona. Ndivyo nilivyodhani. Nilimlalamikia mke wangu kwamba siku hizi Nairobi nzima inazungumza kama wezi. Akanijibu kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto, sauti ambayo kumbe alikuwa ameizoea kitambo.

"Baba watoto, si watu. Ni nyundo."

Daktari wa zahanati akasema hivyo hivyo. Makelele ya bati yalikuwa yamekula masikio, na dawa hakuna. Aliniandikia kwenye karatasi ili nielewe, nami kusoma kwangu ni kwa kusukuma, lakini "hakuna" niliisoma mara moja.

Mteja yeyote sikumwambia. Ningemwambia nini? Niliendelea kugonga, nikainamisha kichwa kama zamani, nikasema iko sawa. Mkono wangu ulikuwa mzuri, na mara nyingi ilikuwa sawa kweli.

Hadi alipokuja mama mpishi. Huyu alikuwa Mnubi wa Makina, mpikaji wa arusi, na sufuria zake kubwa zote vitako vyake ni kazi yangu. Miaka yote alipenda kukaa pale kwenye kigoda akinisubiri nimalize. Siku hiyo alikuja na wanawake wawili wa jikoni kwake kuchukua sufuria niliyokuwa namalizia kitako.

"Fundi, hiyo ni ya pilau ya kesho, si ya chai yako," mmoja alinitania. Alikuwa mbele yangu. Midomo yake niliiona vizuri.

"Hata mkipika mvua yote ya masika, haitatoka tone," nikamjibu.

Nikaigonga. Nikainamisha kichwa. Hakuna kilichokuja. Nikangoja muda ule ambao mlio ulizoea kuchukua, kisha nikasema, "Iko sawa."

Wale wawili wakasimama waibebe. Mama mpishi hakusimama.

"Gonga tena," akasema, kwa ile sauti yake ya kuamrisha jiko zima.

Nikagonga.

"Fundi, inakohoa."

Neno hilo alilitoa kwangu. Kwenye kigoda kile alikuwa amesikia nikigonga mpaka naye akajua.

"Haikohoi, mama."

"Wewe umesikia nini?"

Mama mpishi akamtuma mmoja maji.

"Maji? Kwa huyu?" mwenzake akacheka. "Wee, leo tutafukuzwa!"

Sikumfukuza mtu. Muuza makaa wa jirani aliacha kupanga mikebe yake akaja kutazama. Maji yakamiminwa, yakatulia, na kwa kitambo kidogo hakukutoka kitu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme neno kubwa. Kisha tone likachungulia pembeni mwa mshono, likaanguka vumbini. Likafuatwa na jingine. Mwisho ukawa uzi mwembamba wa maji.

"Niachie," nikasema. "Nairudia sasa hivi."

"Utajuaje kama imekaza?"

Laiti angenitukana. Alipangusa kitako kwa leso yake, akasogea karibu na uso wangu, akasema polepole kama mtu anayezungumza na mgonjwa:

"Si neno. Nitapika uji kwanza."

Wakaibeba, wakaenda.

Kile kipande cha reli nilikipeleka Gatina kwa mkokoteni. Kiko karibu na mfereji, wapangaji wanasimamisha ndoo juu yake. Vyumba vimejaa, mabati hayavuji, mtu akipita njiani huninyooshea kidole kwa heshima. Nami hukaa mlangoni tangu asubuhi, mikono juu ya magoti, nikiitazama kama mikono ya marehemu.

Juzi mama mmoja mpangaji alinibembeleza nimtilie kitako sufuria yake ndogo ya mboga. Nikaitia. Kwa macho mshono ulikuwa mzuri. Nikaweka kiganja juu yake, nikagonga, nikitumaini labda mkono utasikia kile ambacho sikio limekataa. Haukusikia. Nikampa.

"Pika uji kwanza," nikamwambia.

Midomo yake ikasema, "Asante, landlodi."