Si Kila Mwenye Sharubu Ni Kambare

Mwiba uliniingia kidoleni, nikapiga kelele hadi ng'ombe wa Waorma wakaacha kunywa maji. Tulikuwa tunavua kwenye dimbwi karibu na Garsen, maji tope tupu, unampapasa samaki ndani ya mtego kwa mkono. Nikasema nimegusa sharubu.

Shemeji yangu, amekaa kivulini anatafuna miraa, akajibu, "Sharubu? Kambare huyo, bwana. Mshike mgongo!"

Kambare mgongo wake laini. Huyu alikuwa ngogo: sharubu anazo, na mgongoni ana mwiba kama msumari. Kidole changu hakikunjiki mpaka leo, na ngogo mwenyewe aliliwa na shemeji.

Shemeji, nawe una sharubu. Njoo ujibu mbele ya dada yangu: mbona hukutia mkono wako?