Mgomba Wenye Mkungu

Mwanangu, mgomba wa mama wenye mkungu niliukata mimi. Usicheke kwamba niko kidato cha tatu na nakuita mwanangu; wewe uko cha kwanza, na yaliyonipata yanatosha kunizeesha.

Nakumbuka ile Jumamosi wageni kutoka Uganda walipokuja Igoma kubadilishana ngoma na kikundi cha shule yetu. Sisi tuwafundishe bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, wao watufundishe marimba yao. Kwetu alifikia kijana mmoja, Kato. Mama ni Mhaya wa Bukoba; aliposikia jina tu akamuuliza, "Pacha wako umemwacha wapi?" Kato akaduwaa. Hakuwa amemwambia mtu. Kumbe kwao na kwa Wahaya jina hilo ni la pacha wa pili.

Mama alipokwenda sokoni, Kato akafungua gunia lake. Vipande vya mbao, basi.

"Kaka, kuni hata Mwanza zipo," nikamwambia.

Akacheka. Akanieleza kwamba hayo ndiyo marimba yenyewe: mbao hizo hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba mbichi, na vigogo havibebwi kuvuka mpaka, huombwa kwa mwenyeji. Onyesho lilikuwa jioni ileile. Mimi nilitamani kusikia kuni zikiimba kuliko nilivyotamani chakula. Nikachukua panga, nikauangusha mgomba mnene kuliko yote.

Kato akautazama ule mkungu mchanga ulivyolala chini.

"Kwetu tunakata uliokwisha kuvunwa," akasema taratibu, akinionyesha mmoja nyuma ya choo. "Juu ya huu sitapiga mpaka mama aseme."

Hapo nikakumbuka kwamba mkungu huo mama alikuwa anamtunzia bibi, aliyekuwa anakuja kutoka Bukoba. Nikaona onyesho limekufa, na mimi nyuma yake.

Basi mwanangu, ukiona kitu cha mgeni hukijui, muulize mpaka akuchoke. Na kabla hujampa chochote, waulize na wa nyumbani kwako. Mungu akujalie wageni wengi, na akili ya kuwasikiliza hadi mwisho.

Mama aliporudi alitua kikapu chake, akatutazama wote wawili. Kisha akasema hivi:

"Kato, laza mbao zako, niusikie mgomba wangu unavyolia. Na wewe, hilo jembe la kuchezea ngoma lishike vizuri, ukachimbe shimo tupande mwingine. Huyu akirudi na pacha wake, watahitaji vigogo."