Alama ya Ng'ombe Niliyoianika Mtandaoni

Admin, salamu. Nifiche jina tafadhali, maana Garsen tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nalima mahindi na ndizi kando ya mto. Mume wangu alioa Mombasa akasahau njia ya kurudi, na binti zangu wawili wameolewa mbali. Siku nyingine jua linatua sijasema na yeyote isipokuwa kuku. Msinicheke, ndiyo maana napenda simu.

Miezi miwili iliyopita ng'ombe jike mwekundu aliingia shambani mwangu, nikamfunga. Huku kwetu ukiokota mnyama unatangaza, lakini alama yake unaificha. Mwenyewe akija ndiye anayeitaja, hivyo mwizi anajulikana. Baba alinifundisha hivyo tangu mdogo. Lakini picha ilitoka vizuri jamani, na nilitaka watu waipende. Nikaiweka nzima kwenye kundi letu, alama ya moto pajani inaonekana wazi kabisa. Watu tisini wakaandika. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo.

Kesho yake akanitafuta inbox mtu aliyeweka picha ya ua waridi badala ya sura. Nikamwelekeza kwangu, akaja, kijana wa koti la kijani, mpole. "Mama, huyo ni wetu. Ako na alama ya mwezi kwa paja, na sikio ya kushoto imekatwa." Nikamkabidhi kamba kwa mkono wangu. Akanywa maji, akashukuru, akaenda.

Siku mbili baadaye mzee mmoja mfugaji, aliyekuwa akitafuta ng'ombe wake mwekundu, akakutwa amekufa kando ya njia ya Hola, amepigwa kichwani. Nikaifuta ile picha haraka. Binti yake alizunguka shamba kwa shamba hadi kwangu, nikampa chai. "Baba alinipigia, akasema ameona ng'ombe wetu mwekundu na kijana wa koti ya kijani, anaenda kumuuliza. Simu ikazima. Mama, wewe hukuona huyo ng'ombe?" Nikasema sikuona. Akanishika mkono, akasema asante. Naona haya mpaka leo.

Chini ya tangazo la mazishi, yule wa waridi aliandika, "Poleni familia, Mungu atamlipa muuaji." Tangu hapo kila asubuhi ananiandikia: "Umeamkaje, mamangu? Umekula?" Hanitishi hata kidogo. Aibu yangu kubwa ni hii: kuna siku alichelewa, nikajikuta naitazama simu nikimngoja. Hakuna mwingine anayeniuliza kama nimekula.

Meseji zake zote ninazo. Najua yeye pia anafuata ukurasa huu, kwa hiyo admin ukiweka kisa hiki atanijua, hata bila jina. Basi ndugu zangu, nimeshajifungia njia ya kurudi nyuma. Niambieni nianzie wapi, kituo cha polisi au kwa yule binti niliyemdanganya? Na kama yuko mama yeyote wa Garsen anayeweza kunisindikiza, amwandikie admin leo. Sitaki kwenda peke yangu.