Siku Niliyoikata Laini ya Mama

Jamani, hili nalisimulia kwa aibu, na kama mna cheko lenu litoeni mapema, maana kule mwishoni hata mimi mwenye maneno mengi huwa nakwama.

Mnanijua kwa ubishi wa simu. Kijiweni Rasbura tulikuwa tunabishana na binamu yangu Hashimu mpaka chai inapoa, yeye na simu yake nene inayobeba laini mbili na kukaa na chaji utadhani haitumiki (lakini picha zake kama zimepigwa ndani ya moshi), na mimi na yangu nyembamba ya mfumo mwingine, laini moja tu, betri haichomoki, chaja haiingiliani na ya mtu yeyote, lakini kamera na spika yake, acheni tu. Hashimu akisema, "Kaka, hilo umenunua pambo," namwambia wivu unamsumbua.

Sasa harusi ya mdogo wangu Zuhura ikakuta baba amelazwa Lindi, hawezi safari, na shughuli iko kwetu Pande. Tulitaka kuahirisha, akakataa katakata. Binti ni wake, ataozesha mwenyewe kwa simu, sheikh na mashahidi wakimsikia. Nilikuwa namuuguza mimi, na nilikuwa namsikia akiyarudia yale maneno kitandani asije akakosea.

Tulikubaliana apigiwe kwa kitochi cha mama, kile kisimu chake cha vitufe, kwa sababu Pande mtandao unaoshika ni wa laini yake, yangu kule haishiki kabisa. Namba ya baba yenyewe ilikuwa mpya (simu yake ilipotea wakati wa kupelekwa hospitali), tulikuwa nayo mama na mimi tu.

Asubuhi ya harusi, nimeshafika Pande, nikakitazama kile kitochi, kimefungwa raba, spika inakoroma, nikaona hapana, sauti ya baba isikike nyumba nzima, tena niirekodi, maana (nisiwafiche) hali yake nilishaiona. Tatizo laini ya mama kubwa na nafasi ya laini kwenye simu yangu ndogo. Nikachukua mkasi.

"Mwanangu, hicho changu kina kasoro gani?" mama akauliza.

"We tulia, mama. Utamsikia mzee kama yuko hapa."

Nikaikata, ikaingia, ikashika, nikatamba. Halafu nikaanza kupiga video, nikachukua wapishi, masufuria ya pilau, Zuhura na hina yake, mpaka waoaji wa kutoka Sudi wakiingia na kaswida, wala sikukumbuka kwamba umeme ulikatika tangu alfajiri. Sheikh akakaa, bwana harusi mbele yake, watu kimya. "Haya, mpigie mzee." Nikabonyeza jina la baba, ikaita mara moja, kioo kikawa cheusi.

Zikaletwa chaja na pawabenki, zote za aina moja, zinaingiliana zenyewe kwa zenyewe, yangu imekaa peke yake. Nikasema nitoe laini, lakini simu ile haitoi laini bila pini, basi nikaenda upande wa wanawake kuomba pini ya ushungi, mbele ya wakwe, jasho linanitiririka, wapishi wanacheka. Nikairudisha kwenye kitochi, ikapotelea ndani kama punje ya mchele. Hashimu, bila neno la kejeli hata moja (na hilo ndilo liliniuma), akatoa simu yake. Ikaingia sawasawa, lakini simu ikasema haiitambui, nilishaikwaruza kwa papara zangu.

"Namba ya baba yako huijui kwa kichwa?" sheikh akauliza, na kila mtu akasikia.

"Siijui, sheikh."

Watu wakacheka. Mama hakucheka, yeye alikuwa anabonyeza mbili tu, simu inamtafuta mumewe yenyewe, na namba ilihifadhiwa kwenye laini ileile niliyoiharibu.

Waoaji walikuwa na safari ndefu. Sheikh akangoja kadiri alivyoweza, kisha akasema kwa kuwa walii yuko mbali na hapatikani, ataozesha yeye. Vigelegele vikapigwa, na katikati yake nikamsikia Zuhura chumbani akiuliza, "Baba ameshasema?"

Kesho yake nikarudi Lindi. Nilimkuta baba kitandani na kofia yake nzuri kichwani, hakuivua tangu jana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilipiga, mwanangu. Mama yako hapatikani, wewe hupatikani. Nikasema labda mmeona mgonjwa atawachelewesha."

Nikamweleza yote, mpaka mkasi. Akaniambia basi, yameshapita. Kisha akanishika mkono, ule mshiko wa kuozesha, akayasema maneno yake yote, nimekuozesha binti yangu Zuhura, mpaka mwisho, bila kukosea. Simu ilikuwa mfukoni mwangu, imejaa chaji. Niliona haya kuitoa.

Baba hakukaa sana baada ya pale, Mungu amrehemu. Siku hizi ubishi wa simu ukianza kijiweni naaga, na nimeapa kwamba kitu cha mtu kinachofanya kazi yake sitakigusa tena. Lakini Zuhura akija huniomba nimtamkie alivyosema baba. Namtamkia neno kwa neno. Yeye hufumba macho, na mimi najua anajitahidi kusikia sauti ambayo si yangu.